Minyoo bapa kwenye bwawa la sato: dawa, chokaa, nyavu au bata?

Mama mchuuzi alifika na beseni lake kabla sijamaliza kuvuta wavu. Akachagua sato mmoja mnene, akamfunua shavu kwa kidole gumba, akanyamaza. Halafu akabinya kwa ukucha. Kikatoka kitu cha njano, ukubwa wa punje ya mchele, kikawa kinajikunja na kujinyoosha kiganjani mwake kama kinatafuta njia ya kurudi. "Baba, samaki wako wana funza," akasema, bila ukali wowote. Akakifutia kwenye nyasi, akajitwika beseni tupu, akaenda zake.

Yule hakuwa funza. Funza ni mtoto wa inzi, na inzi hatagi ndani ya samaki anayeogelea. Yule alikuwa mnyoo bapa wa jamii ya Clinostomum, bado mchanga, amejifungia ndani ya kifuko akisubiri samaki aliwe na ndege. Lakini sokoni nani atakusikiliza ukianza somo la biolojia? Samaki mwenye kitu kinachotembea ndani yake hauziki, basi.

Wiki ile nilipewa ushauri wa namna nne. Muuza pembejeo alisema dawa ipo. Bwana samaki alisema kausha bwawa, mwaga chokaa. Jirani yangu alisema adui ni kongoti, funika bwawa kwa nyavu. Shemeji akasema fuga bata, watamaliza konokono wote na mayai utakula. Ubaya ni kwamba wote wanne walikuwa na ukweli ndani yake. Bwawa langu ni la udongo, mita za mraba 300, linanyweshwa na mfereji hapa Morogoro, na tangu siku ile njia zote nne nimeziona zikifanya kazi au zikishindwa, nyingine kwangu, nyingine kwa majirani. Nimeziweka hapa pamoja ili anayeanza asilipie masomo niliyolipia mimi.

Kwanza, una mnyoo gani?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tunaposema "minyoo bapa wa samaki" tunataja koo mbili ambazo maisha yao hayafanani hata kidogo, na tiba ya mmoja kwa mwingine ni maji tu.

| | Wa nje | Wa ndani |
|---|---|---|
| Anakaa wapi | Ngozi, mapezi, matamvua | Nyama, chini ya ngozi, kwenye figo, machoni |
| Anapitia konokono na ndege? | Hapana, samaki kwa samaki | Ndiyo, wote wawili |
| Unamwona kwa macho? | Ni shida, wengi hawafiki milimita moja | Aghalabu ndiyo: vifuko vya njano au vyeupe, madoa meusi |
| Anayeumia kwanza | Vifaranga | Mfuko wako siku ya kuvuna |
| Dawa | Ipo | Soma chini |

Wa nje wanaojulikana zaidi ni Gyrodactylus na Dactylogyrus, na kwa sato na perege wapo Cichlidogyrus wanaong'ang'ania matamvua kwa kulabu. Gyrodactylus ana kioja chake: hatagi, anazaa, na mtoto aliye tumboni tayari ana mtoto mwingine tumboni mwake. Ukimweka chini ya darubini unaona bibi, mama na mjukuu katika mwili mmoja. Ndiyo maana ukiwaona wachache Jumatatu, wiki ikiisha vifaranga wanajikwaruza kwenye kuta na kuhema pale maji yanapoingilia. Fungua shavu: matamvua yamepauka na yana ute mzito.

Wa ndani ndio waliomkimbiza mama mchuuzi. Mkubwa wao anaishi kinywani na kooni mwa ndege wanaokula samaki, hasa kongoti. Mayai yanadondoka majini ndege anapovua. Yanaanguliwa, kidudu kinamtafuta konokono na kuingia mwilini mwake. Humo ndani kinazaliana bila kuoana: kinaingia kimoja, wanatoka maelfu, mamia kwa siku, wakiogelea kwa vimkia kutafuta samaki. Wakimpata wanapenya ngozi na kujifungia. Mnyoo anaweza kukaa hivyo miaka, ilimradi samaki yupo hai. Kongoti akimmeza samaki, duara limekamilika.

Clinostomum hawapo peke yao. Yupo binamu yao Euclinostomum, ambaye kwa sato hupenda figo na vifuko vyake ni vikubwa. Wapo wanaoacha madoa meusi kwenye ngozi. Doa lile ni rangi ya samaki mwenyewe, amemzungushia mnyoo ukuta. Na wapo Diplostomum na ndugu zao wanaokwenda machoni. Huyu wa macho ana ujanja ninaomvulia kofia hata kama ananila: samaki jicho likipata ukungu haoni kivuli cha ndege, anaelea juu juu, anadakwa. Mnyoo amempikia ndege chakula na yeye mwenyewe yumo chunguni.

Sio hadithi za mbali hizi. Watafiti wamewakuta Diplostomum na Clinostomum kwa samaki wa Ziwa Victoria. Kuna Clinostomum mwingine anayejificha chini ya ngozi ya sato, Clinostomum cutaneum. Mchanga wake alielezwa kitaalamu mwaka 1964, ila mkubwa wake hakuelezwa mpaka mwaka 2010, alipopatikana kwa kongoti wa kijivu nchini Kenya.

Dawa: kwa wa nje ndiyo, kwa wa ndani acha

Nianze na ninayoipenda, maana ipo jikoni. Chumvi. Gramu 10 kwa lita moja ya maji, yaani gramu 200 kwa ndoo ya lita 20, au kilo moja kwa lita 100. Vifaranga wa sato au kambale wa ukubwa wa kidole wakae humo dakika 20 hadi 30, kivulini, asubuhi, na wewe usiondoke pale. Wakianza kulala ubavu, watoe hata kama dakika ni tano. Tumia chombo cha plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki ikikutana na chumvi inaachia sumu kwa samaki. Nawafanyia hivi vifaranga wote wanaoingia kwangu, hata muuzaji akiapa kwamba ni wasafi. Niliwahi kuletewa mfuko wa vifaranga wazuri wa kutazamwa, nikawamwaga bwawani moja kwa moja kwa sababu jua lilikuwa linazama na nimechoka. Wiki ya pili nilikuwa naokota mizoga.

Kwa Dactylogyrus, anayetaga, kuogesha mara moja hakutoshi. Mkubwa anakufa, yai halifi. Kwa joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku chache, kwa hiyo rudia baada ya wiki moja hivi, kabla watoto hawajaanza kutaga.

Fomalini inaua wa nje vizuri kuliko chumvi, na kipimo kinachotajwa kwa bwawa ni mililita 25 kwa kila mita ya ujazo. Mimi siigusi bwawani na sababu ni hesabu. Kila miligramu 5 za fomalini katika lita ya maji hula karibu miligramu 1 ya oksijeni. Weka 25, umeondoa kama 5. Bwawa la kijani la nchi ya joto, alfajiri, lina oksijeni ya kugawana kwa shida. Utaamka ukute minyoo wamekufa na samaki pia. Halafu mvuke wake si wa kuvuta, ni kemikali inayosababisha saratani. Wenye matenki yenye pampu ya hewa na mtaalamu wa kupima, hiyo ni njia yao.

Sasa kwa wa ndani. Muuza pembejeo wangu alinishauri prazikwanteli, vidonge vile vile watoto wanavyopewa shuleni kwa ajili ya kichocho, nisage nichanganye na chakula. Dawa yenyewe si ya uongo, minyoo bapa inawaua kweli, na kwa wa nje kuogesha samaki kwa prazikwanteli ni tiba nzuri, ingawa bei inauma. Lakini fikiria Clinostomum aliyekwisha jifungia. Tuseme dawa imemfikia ndani ya kifuko, imemuua. Kifuko kitabaki pale pale kwenye nyama, cha njano vile vile, na mama mchuuzi hatauliza kama mnyoo yu hai au marehemu. Huku nje konokono wanaendelea kumimina wapya kila siku. Ni kudeki chumba huku bomba linavuja. Juu ya hayo unawalisha wateja samaki wenye dawa bila kujua ni siku ngapi usubiri kabla ya kuvua. Hela ile nilinunulia chokaa.

Kukausha na chokaa: kazi ngumu, jibu la kweli

Nitakaa hapa kwa muda, maana hapa ndipo nilipoona tofauti.

Tazama lile duara tena. Ndege anatoa mayai, lakini yai moja linaweza kumfikia konokono mmoja tu. Samaki anapokea mnyoo mmoja mmoja na hawaongezeki mwilini mwake. Mahali pekee ambapo mmoja anageuka maelfu ni ndani ya konokono. Ndiye kiwanda. Ukiwa na senti moja tu ya kutumia, itumie kwa konokono.

Siku niliyotoa maji yote ndipo nilipoelewa ukubwa wa tatizo. Konokono walikuwa wametapakaa kwenye tope kama buni zilizoanikwa, na chini ya majani yaliyolala kulikuwa na mayai yao, vijitonge vyororo vya utelezi vilivyobandikwa kwenye jani. Waokote wachache uwatazame. Shika gamba ncha ikiwa juu, mdomo ukuelekee. Mdomo ukiwa mkono wako wa kushoto, huyo ni Bulinus. Ukiwa kulia, yaelekea ni Lymnaea. Hawa wawili ndio wapokezi wa Clinostomum. Aliye bapa kama kamba iliyozungushwa chini ni Biomphalaria, naye anabeba minyoo wengine wa samaki. Na hapa jambo linakuhusu wewe mwenyewe, si samaki tu: Bulinus na Biomphalaria ndio hao hao wanaobeba kichocho. Ukisafisha bwawa vaa gambuti, na kazi ya kuingia majini ifanye mapema. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono zaidi jua likiwa kali, kuelekea mchana.

Kukausha peke yake hakutoshi, na hili wengi hawalijui. Bulinus hujichimbia kwenye tope, hujifunga ndani ya gamba na kungoja mvua, wiki hata miezi. Maji kukauka na kurudi ndiyo maisha yake ya kila mwaka. Bwawa lako la wiki mbili halimtishi. Kwa hiyo nilifanya hivi. Niliacha tope lipasuke nyufa za kuingiza kidole. Vibarua wawili wakakwangua tabaka la juu, kama upana wa kiganja, wakalipeleka shambani kwenye migomba, mbali na maji. Majani yote ya kingo yaling'olewa na kuchomwa. Ndipo chokaa ikaja.

Chokaa gani? Swali hili lilinigharimu msimu mzima. Mara ya kwanza nilinunua chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa, kwa sababu ni rahisi na dukani waliniambia "chokaa ni chokaa". Hiyo hurekebisha udongo wenye tindikali, kazi njema, ila haiui konokono. Kinyume chake, konokono anahitaji kalsiamu kujenga gamba. Nilikuwa nimewapelekea mifuko ya saruji. Inayoua ni chokaa iliyochomwa, ile inayofoka na kutoa joto ukiimwagia maji, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba. Bwawa langu lilikula mifuko isiyopungua kilo 40. Ukipata ile iliyokwisha zimwa, ya kupaka kuta, ongeza kipimo, usishuke chini ya kilo 15. Imwage tope likiwa na unyevunyevu, na kwenye vidimbwi vilivyobaki usione huruma. Upepo uwe mgongoni, glavu mkononi, miwani machoni. Chokaa hii inaunguza.

Baada ya kujaza maji, subiri siku 10 hadi 14. Ukiwa na karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa chokaa majini, ishuke chini ya 9. Huna? Weka samaki watano kwenye kijiwavu ndani ya bwawa, walale humo. Wakiamka wazima, leta wenzao.

Mavuno ya baada ya hapo, samaki wenye vifuko walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Msimu uliofuata wakarudi kidogo, na kosa lilikuwa langu: mfereji. Konokono walikuwa wanaingia na maji na majani. Nimeweka wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kuingizia na nausafisha kila siku. Wavu hauzuii vile vidudu vyenye vimkia vinavyotoka kwa konokono wa juu mferejini, lakini vyenyewe visipopata samaki haviishi zaidi ya siku moja au mbili. Mwenye nafasi achimbe kidimbwi kidogo kisicho na samaki, maji yalale humo siku mbili tatu kabla ya kuyafungulia.

Nyavu dhidi ya ndege

Jirani yangu hajakosea. Mkubwa wa mnyoo yumo kwa kongoti, yangeyange na mnandi, na wewe ukiwazuia umekata duara, tena umeokoa samaki wanaoliwa, ambao peke yao wanaweza kulipa gharama ya nyavu. Tatizo ni muda. Siku unayofunika bwawa, konokono walioambukizwa tayari wako chini, na wataendelea kutoa vidudu mpaka wafe wenyewe. Alifunika mwezi wa pili wa msimu, akavuna samaki wenye minyoo, akasema nyavu ni utapeli. Angezifunga siku ya kujaza maji, baada ya chokaa, hadithi ingekuwa nyingine.

Kwa bwawa la mita 300 nyavu kamili ni ghali, zinalegea, na majani yanaangukia juu. Kamba zilizovutwa kukatiza bwawa ni nafuu na zinawasumbua ndege wakubwa, ila mdiria anapita katikati kama hazipo. Kuna njia ya tatu ambayo hainunuliwi dukani: kina. Kongoti havui kwa kuogelea, anasimama. Ukichonga kingo zishuke wima hadi maji yamfike kifuani, hana pa kusimama, na majani yanayoficha konokono hayapati pa kuota mizizi. Nilifanya hivyo tope likiwa limekwanguliwa tayari, siku moja ya ziada kwa vibarua wale wale. Kuua ndege usijaribu. Wengi wanalindwa na sheria, na ukimwondoa mmoja, wawili wanakuja matangani.

Bata, kamongo na wala konokono wengine

Bata anakula konokono, hilo nimeliona kwa macho yangu. Anakula wa kingoni. Wa katikati, chini ya mita moja ya maji, wanamwangalia akipita juu. Bata pia anabomoa kingo na kinyesi chake kinarutubisha maji, ambayo ni faida mpaka inapogeuka hasara. Ukiwa na bata tayari, waache wazunguke bwawa lililokaushwa kabla ya chokaa. Pale ndipo thamani yao inapoonekana.

Kamongo ana taya za kuvunjia konokono na watu wa ziwani wanalijua hilo. Lakini atakula pia samaki wako, na huyu ni mchimbaji. Kuta za udongo si rafiki yake.

Jaribio lenye mafunzo zaidi ni la furu mmoja wa Ziwa Victoria, Astatoreochromis alluaudi, mwenye mifupa mizito kooni ya kusagia magamba. Magharibi mwa Kenya aliwahi kuwekwa kwenye malambo kupambana na konokono wa kichocho, na mahali pengine walipungua kweli. Alipopelekwa Cameroon na kuwekwa kwenye mabwawa ya samaki, akakuta vyakula laini tele. Vizazi vilivyokulia humo vikaota mifupa miembamba ya koo, visivyoweza tena kusaga gamba. Samaki aliyeajiriwa kula konokono akapoteza meno ya kazi. Ukimlisha pumba kila siku, kwa nini ahangaike?

Kamba wa maji baridi kutoka Marekani, walioletwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, nao wanakula konokono. Wanakula pia mimea, na wanatoboa kingo. Kuleta kiumbe mgeni kwenye maji ya watu kwa ajili ya minyoo ya bwawa moja ni kuruka majivu ukakanyage moto.

Je, tenki au turubai si bora kuliko udongo?

Kwa wa ndani, ndiyo, bila ubishi. Hakuna tope, hakuna majani, konokono akionekana unamkwangua kwa brashi. Ila matenki tunayajaza samaki, na msongamano ndio karamu ya minyoo wa nje: safari kutoka samaki mmoja hadi mwingine ni sentimita chache. Rafiki yangu aliyehamia turubai hajaona kifuko cha njano tangu hapo, lakini chumvi ananunua kwa kiroba. Kwanza punguza idadi, badilisha maji, punguza chakula kinachobaki chini. Chumvi ije baadaye.

Mimi ningechagua nini

Bwawa linalotoka maji yote, na minyoo ni wa ndani: kausha, kwangua, chokaa iliyochomwa, chonga kingo, weka wavu kwenye bomba. Pesa ikibaki, kamba za ndege. Dawa usinunue.

Bwawa lisilokauka kwa sababu chemchemi iko chini yake: hapo ndipo nyavu za ndege na kung'oa majani kila wiki vinapochukua nafasi ya kwanza, bata wakisaidia kingoni. Utapunguza, hutamaliza. Usidanganyike na sumu za konokono kama niklosamaidi wakati samaki wamo. Inaua samaki kama inavyoua konokono.

Vifaranga wanakufa na hakuna kifuko chochote mwilini: chumvi, rudia baada ya wiki, na umwangalie upya anayekuuzia.

Una samaki wakubwa wenye vifuko leo, na wanunuzi wanakuja kesho? Hapo hakuna njia kati ya hizi nne itakayokusaidia. Vua, chuna ngozi, toa vifuko kwa ncha ya kisu, uza minofu au banika, na umwambie mnunuzi ukweli. Clinostomum hafi kwa aibu lakini moto unamuua. Aliyeivishwa mpaka nyama inaachana na mfupa hana madhara. Watu waliowahi kuambukizwa, huko Japani na Korea, mnyoo huyu aliwanasa kooni na kuwapa maumivu na kikohozi, na walikuwa wamekula samaki mbichi. Barafu nayo inaua ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, kipimo ambacho friji nyingi za nyumbani hazikifikii. Chumvi kidogo na jua la siku moja usiviamini. Misri kuna minyoo wengine wadogo wa utumbo wanaowapata watu kupitia samaki wa Delta ya Nile wasioiva au waliotiwa chumvi tu.

Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama hawa ndio wale "wa saratani" aliowasikia. Sio. Wale ni minyoo wa ini, Opisthorchis viverrini wa Thailand na Laos na Clonorchis sinensis wa China, Korea na Vietnam, wanaoingia kwa watu wanaokula samaki wabichi wa maji baridi na kukaa kwenye mirija ya nyongo miaka mingi mpaka saratani ikazuka. Wana konokono wao wa huko. Nilimwambia hivyo, nikamfungulia sato mmoja mashavu yote mawili mbele yake. Yalikuwa mekundu, safi. Akachukua kilo tatu, na kabla ya kulipa akamfungua mwingine mwenyewe.